Wasomaji Wanauliza: Kodi za Jimbo, Kaunti na Mji Nchini Marekani

Msimu wa ritani, yaani fomu za kutangaza mapato na kodi, unapokaribia, barua za kodi hutujazia kisanduku, na nyingi hazihusu IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Kinachowavuruga wasomaji ni jimbo, kaunti na mji, kila mmoja na sheria zake na tarehe zake. Tunajibu barua sita kwa mwaka wa kodi wa 2025. Kwa anayezisoma zote, jambo moja litajirudia: kila kodi ina kitu inachokishika. Kodi ya mapato humshika mtu, pale anapoishi na pale anapofanyia kazi. Kodi ya mauzo hushika bidhaa, kwa kawaida pale inapopokelewa. Kodi ya mali hushika kile ulichonacho, kwa tarehe maalumu. Makosa mengi tunayoletewa ni ya watu waliochanganya hizo tatu.

Wahariri, shikamooni. Mwishoni mwa Juni nilihama Minneapolis nikaja Houston. Mwajiri ni yuleyule, nafanya kazi nyumbani kwa kompyuta. W-2 yangu, ile taarifa ya mwaka ya mshahara na makato kutoka kwa mwajiri, inaonyesha makato ya Minnesota mwaka mzima. Wenzangu wanasema Texas haina kodi ya mapato, kwa hiyo nisijisumbue na jimbo lolote. Ni kweli?
*Aliyehama, Houston*

Marahaba. Kuhusu Texas wenzako wako sawa: mshahara hautozwi kodi ya jimbo huko, wala Florida, Tennessee, Nevada, Washington, Wyoming, South Dakota, Alaska na New Hampshire. Kuhusu Minnesota wamekosea, na ukiwasikiliza kwa hilo watakupotezea pesa zako.

Kwa mwaka huo wewe ni mkazi wa sehemu ya mwaka. Minnesota ina haki juu ya mapato yako ya Januari hadi Juni. Baada ya hapo inaweza kutoza mshahara wa kazi uliyoifanya ukiwa ndani ya Minnesota tu. Ofisi ya mwajiri kuwa Minneapolis hakutoshi. Kwa hiyo makato ya Julai hadi Desemba ni pesa zako, na hazitarudi usipojaza ritani ya kuzidai.

Utajaza fomu M1, uambatishe M1NR, ambayo ndiyo ya wakazi wa sehemu ya mwaka na wasio wakazi, pamoja na M1W ya kuonyesha makato. Angalia namna M1NR inavyopiga hesabu, maana wengi huishangaa. Haichukui mapato ya miezi sita na kuyatafutia kodi peke yake. Inapiga kodi kana kwamba mwaka mzima ulikuwa wa Minnesota, kisha inachukua asilimia inayolingana na mapato ya huko. Ukipata dola 60,000 kwa mwaka na 30,000 kati yake ni za kabla ya kuhama, kodi inatafutwa juu ya zote, halafu unalipa nusu.

Kabla ya kutuma, zungumza na ofisi ya mishahara. Kisanduku cha 16 cha W-2 kikiandika mshahara wote kuwa wa Minnesota, waombe W-2 ya marekebisho. Wakichelewa, pata barua yao inayotaja tarehe uliyohama na mahali ulipofanyia kazi tangu hapo. Na waambie wasimamishe makato ya Minnesota leo hii, la sivyo mwakani utakuwa unaidai tena pesa ileile.

Minnesota inaweza kuuliza kama kweli ulihama au ulienda kutembea. Jibu ni karatasi: mkataba wa nyumba, leseni, usajili wa gari. Texas inampa mgeni siku 90 kubadilisha leseni ya udereva na siku 30 kusajili gari. Gari lililokuwa limesajiliwa kwa jina lako katika jimbo jingine linalipiwa dola 90 za kodi ya mkazi mpya, mbali na ada za kawaida. Aliyekaa mwaka mzima Houston na plati za Minnesota amejitengenezea ushahidi wa kumpinga mwenyewe.

Naishi Silver Spring, Maryland, nafanya kazi Arlington, Virginia. Kila mwezi nakatwa kodi ya Virginia. Je, nitalipa na Maryland pia?
*Msomaji wa Silver Spring*

Utalipa Maryland tu. Majimbo hayo mawili yamekubaliana kwamba mshahara utozwe na jimbo unaloishi. Mpe mwajiri fomu VA-4 ukidai msamaha wa makato ya Virginia, na MW507 ili akukate ya Maryland. Kama tayari umekatwa ya Virginia, dai irudi yote kwa fomu 763S.

Tatizo hapa ni mtiririko wa pesa. Aprili 15 Maryland inataka kodi ya mwaka mzima ambayo hakuna aliyeikata, na marejesho ya Virginia bado yako njiani. Ukiligundua kosa Septemba, anza kutenga pesa Septemba. Wala usiisahau kodi ya kaunti, maana Maryland huikusanya ndani ya ritani hiyohiyo, fomu 502, kwa kaunti uliyoishi siku ya mwisho ya mwaka. Montgomery ni asilimia 3.2. Mtu anayeona jedwali la viwango vya jimbo peke yake hushindwa kuelewa deni limetoka wapi.

Kama mwenzio anafanya kazi Delaware, mambo ni mengine, kwa kuwa Delaware haimo katika makubaliano hayo. Atajaza ritani ya Delaware kama asiye mkazi, kisha Maryland itampunguzia kodi kwa fomu 502CR. Jaza ya Delaware kwanza. Namba utakazoandika Maryland zinatoka humo. Na kiasi cha kunakili ni kodi iliyopatikana kwenye ritani ya Delaware. Wengi hunakili makato ya kwenye W-2, na Maryland huwarudishia barua.

Naishi ndani ya Columbus, Ohio, nafanya kazi ghala moja lililoko Dublin. Mji wa Columbus umeniandikia kwamba nadaiwa. Mimi nilikwisha kulipa IRS na Ohio. Hawa nao ni nani?
*Mfanyakazi wa ghala*

Hawa ni mji, na Ohio miji inaruhusiwa kutoza mapato. Chukua W-2 yako, shuka chini kabisa. Visanduku 15 hadi 17 ni vya jimbo: jina lake, mshahara, makato. Visanduku 18 hadi 20 ni vya mji: mshahara, makato, jina la mji. Chako cha 20 kitasema Dublin, kwa sababu mji wa kazi ndio unaokata kwanza, na Dublin hutoza asilimia 2. Columbus, mji unaoishi wewe, hutoza asilimia 2.5 na hukuhesabia ulicholipa kwingine. Inabaki nusu asilimia. Kwa mshahara wa dola 40,000 hiyo ni dola 200 kila mwaka.

Usiitupe barua hiyo. Jaza ritani ya mji, lipa tofauti, kisha mwombe mwajiri akukate na ya Columbus; waajiri wengi hukubali. Ukiendesha abiria au kubeba chakula jioni kwa 1099, yaani fomu ya malipo ya anayejitegemea, faida ya kazi hiyo nayo inatozwa na mji, na hiyo hakuna anayekukatia. Pia, ukihamia kitongoji, angalia kama wilaya ya shule ya huko ina kodi yake ya mapato. Baadhi zinayo, na hulipwa kwa fomu ya pekee, SD 100.

Tumenunua nyumba mpya kabisa, karibu na Dallas. Mwaka wa kwanza tulilipa vizuri. Sasa kampuni ya mkopo imetuandikia kwamba malipo ya mwezi yanapanda kwa zaidi ya dola 800, na riba yetu ilikuwa ya kudumu! Tumeibiwa?
*Mama wa watoto watatu*

Pole, mama. Riba haijaguswa. Kilichopanda ni eskro, yaani kile kifuko ambamo kampuni ya mkopo inakusanya kodi na bima kila mwezi ili ikulipie bili zikifika. Hili huwakuta wengi walionunua nyumba mpya Texas, na muuzaji mara chache hulitaja.

Kodi ya mali huko hutazama mali ilivyokuwa Januari 1. Tarehe hiyo kiwanja chenu pengine kilikuwa udongo mtupu. Tuchukue mfano wa kiwanja cha dola 60,000, na kiwango cha jumla (kaunti, mji, shule, chuo) cha dola 2.20 kwa kila dola 100. Bili ni dola 1,320, na kampuni ilikusanya 110 kwa mwezi. Januari iliyofuata nyumba imesimama, thamani 300,000. Bili ni 6,600. Kampuni ililipa 6,600 huku mkononi ina 1,320, kwa hiyo pengo ni 5,280. Sasa inadai mambo mawili kwa pamoja: kodi mpya ya 550 kwa mwezi, ambayo ni 440 zaidi ya ile ya zamani, na kulifidia pengo kwa miezi 12, ambayo ni 440 nyingine. Jumla ya nyongeza ni 880. Juu yake sheria inairuhusu kampuni kuweka akiba isiyozidi malipo ya miezi miwili. Pengo likifidiwa, malipo hushuka, lakini hayarudi yalipokuwa.

Cha kufanya kwanza ni homstedi, msamaha wa nyumba ambayo mwenyewe anaishi. Hauji wenyewe. Unaombwa kwa fomu 50-114 kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, na anwani kwenye leseni au kitambulisho cha Texas lazima iwe ya nyumba hiyo. Hapo ndipo maombi mengi hukwama: mume kabadilisha anwani, mke bado, au leseni ingali ya Georgia. Muda wa kawaida wa kuomba ni hadi Aprili 30, ila aliyechelewa anaruhusiwa kuomba hadi miaka miwili baada ya tarehe ambayo kodi huhesabiwa kuchelewa. Kuomba ni bure. Ukipata barua yenye mihuri ya kutisha inayokutaka ulipie "kusajili homstedi", itupe.

Msamaha huo huondoa dola 140,000 za thamani kwenye sehemu ya kodi ya shule, baada ya wapiga kura kuupandisha kutoka 100,000 mnamo Novemba 2025, na unahesabika kuanzia bili ya 2025. Katika mfano wetu, kama dola 1 kati ya zile 2.20 ni ya shule, bili inapungua kwa dola 1,400 na kubaki 5,200. Mbali na hapo, kuanzia mwaka unaofuata ule wa kwanza wa homstedi, thamani inayotozwa haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ukiongeza chumba, hicho chumba hakilindwi na kikomo hicho. Kwa maoni yetu hakuna karatasi yenye faida kama hii kwa mwenye nyumba wa Texas, na bado tunapata barua za watu waliokaa miaka minne bila kuijaza.

Pili, pingeni thamani mkiona imezidi. Taarifa ya uthamini huja masika. Mwisho wa kupinga ni Mei 15 au siku 30 tangu taarifa itumwe, ile inayochelewa zaidi. Kulalamika kwamba kodi ni kubwa hakusaidii, kwa sababu bodi ya mapitio haina mamlaka juu ya kiwango. Inachoangalia ni thamani. Pelekeni hati ya kununulia kama mlinunua chini ya walichoandika, picha za ufa wa msingi au paa lililovuja pamoja na makadirio ya fundi, na thamani walizowapa majirani wenye nyumba za ukubwa na umri uleule. Ombeni pia ushahidi wa ofisi yenyewe. Wana wajibu wa kuwapa angalau siku 14 kabla ya kusikilizwa. Mara nyingi humo ndimo mtakuta wameandika vyumba vinne mahali palipo na vitatu.

Tatu, mkipewa msamaha au thamani ikishuka, pigeni simu kampuni ya mkopo iwapigie upya hesabu ya eskro. Msingoje waone wenyewe.

Kwa wanaolipa bila eskro: bili inalipwa hadi Januari 31. Februari deni linaongezeka asilimia 7, na ikifika Julai bila kulipwa imekuwa 18, kabla ya gharama za wakili wa kukusanya.

Wasomaji wa majimbo mengine wasiige namba hizi. Georgia hutoza juu ya asilimia 40 ya thamani ya soko, Ohio juu ya asilimia 35, na viwango vyao huandikwa kwa mili, yaani dola 1 kwa kila dola 1,000. California, tangu Pendekezo la 13 la mwaka 1978, huanza na bei uliyonunulia, kiwango cha msingi asilimia 1, na thamani inayotozwa haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Ndiyo maana majirani wawili wenye nyumba pacha hulipa kodi zisizofanana hata kidogo. Mnunuzi mpya huko ajiandae pia kwa bili ya nyongeza inayokuja miezi kadhaa baada ya kununua. Bili hiyo kwa kawaida hutumwa kwa mwenye nyumba mwenyewe, na eskro haiigusi.

Nilinunua koti la dola 120 Bronx, nikatozwa kodi. Rafiki yangu kanunua mawili, jumla dola 160, hakutozwa senti. Keshia alikosea? Na je, nikienda kununua vitu, hata gari, kwenye jimbo lisilo na kodi ya mauzo, nimeokoka?
*Mpenda mitumba na mipya*

Keshia yuko sahihi. New York haitozi nguo na viatu vyenye bei chini ya dola 110, na huhesabu kipande kimoja kimoja. Makoti mawili ya 80 kila moja yamepita. Koti la 120 limevuka mstari, na likivuka linatozwa lote, si zile dola 10 za juu. Kwa kiwango cha mji wa New York, asilimia 8.875, hiyo ni dola 10 na senti 65. Punguzo la duka lenyewe likilishusha koti hadi 105, linatoka kwenye kodi. Kuponi ya kiwanda haileti nafuu hiyo, kwa kuwa duka hulipwa fidia na kiwanda, na bei inayohesabiwa inabaki ya mwanzo.

Nguo za kawaida hazitozwi Minnesota. Pennsylvania na New Jersey zimesamehe nguo za kawaida, lakini si za manyoya. Texas hutoza nguo mwaka mzima isipokuwa wikiendi moja ya Agosti, ambapo nguo, viatu na mikoba ya shule chini ya dola 100 hupita bure. Chakula cha kupika nyumbani Texas hakitozwi; Tennessee hukitoza asilimia 4 za jimbo, na ya kaunti juu yake.

Sasa swali la pili. Majimbo yasiyo na kodi ya mauzo ya jimbo ni matano: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, na Alaska miji yake hutoza. Kununua huko ni halali. Lakini karibu kila jimbo lenye kodi ya mauzo lina pacha wake, kodi ya matumizi: kitu kilichonunuliwa bila kodi na kuletwa kutumika nyumbani hulipiwa nyumbani. Kwa shati hakuna anayekufuata. Kwa gari hakuna ujanja, kwa sababu kodi huvizia dirisha la usajili. Mkazi wa Vancouver, jimbo la Washington, akivuka mto kununua gari Portland atalipa kodi ya matumizi siku anayosajili, kwa kiwango cha mahali anapoishi. Ukinunua gari kwenye jimbo lililokutoza, tunza risiti yenye mstari wa kodi. Majimbo mengi hukuhesabia ulicholipa. Bila risiti unaweza kulipa mara mbili.

Na anayeagiza mtandaoni asidhani amejificha. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2018 katika kesi ya South Dakota na kampuni ya Wayfair, jimbo linaweza kumtaka muuzaji wa mbali akusanye kodi hata kama hana duka humo. Kwa kawaida kiwango ni cha anwani ya kupokelea.

Nimehamia Missouri kutoka Kansas. Nakwenda kusajili gari naambiwa nilete "risiti ya kodi ya mali binafsi". Sina nyumba, nimepanga. Kodi gani hiyo?
*Mpangaji, St. Louis*

Ni ya gari lenyewe. Missouri huhesabu magari kuwa mali na hutoza kila mwaka yule aliyekuwa nalo Januari 1 akiwa mkazi. Ukiliuza Januari 2, unadaiwa ya mwaka mzima. Ukilinunua Januari 2, hudaiwi mwaka huo. Kama Januari 1 hukuwa mkazi wa Missouri, hudaiwi chochote, ila lazima ithibitishwe: nenda kwa mthamini wa kaunti, au wa mji ukiwa St. Louis mjini, na hati ya umiliki na ushahidi wa anwani ya Kansas, upate hati ya kutodaiwa. Hiyo ndiyo dirisha la usajili linaitaka badala ya risiti. Mwakani jaza fomu ya kutangaza mali kabla ya tarehe ya mwisho iliyowekwa na mthamini wako, na bili itakayokuja uilipe hadi Desemba 31. Na kwa kuwa umepanga, mwulize mjaza ritani wako kuhusu nafuu za wapangaji katika jimbo lako. Michigan, kwa mfano, huhesabu asilimia 23 ya kodi ya pango kuwa ni kodi ya mali uliyomlipia mwenye nyumba. Minnesota humtaka mwenye nyumba akupe cheti cha pango ulilolipa, na ukikosa cheti hicho omba hati mbadala kwa Idara ya Mapato ya jimbo.